Una Barua Tatu za Udahili Marekani? Namna ya Kuchagua Chuo Kidogo Utakachoweza Kuishi Nacho Miaka Minne

Aprili mwaka jana binti mmoja wa Tanga alinipigia simu saa nne usiku. Alikuwa na barua tatu za kukubaliwa, zote za vyuo vidogo vya Marekani, zote na ufadhili, na siku ya mwisho ya kujibu ni tarehe 1 Mei. "Dada, kipi kiko juu?" Nikamjibu kwa swali lililomkera: Jumanne usiku, ukishamaliza kula, utakwenda wapi, na nani? Akanyamaza. Habari za Jumanne hakuwa amezifikiria kabisa. Alikuwa ameshafika kwenye mahafali.

Mimi mwenyewe sikuzifikiria nilipokuwa na umri wake. Nilikitazama chuo kwenye orodha ya ubora, nikaona namba nzuri, nikatia saini. Masomo yalikuwa mazuri kweli. Kilichonishinda ni Ijumaa. Ikifika jioni, maisha yote yanahamia kwenye nyumba za vyama vya udugu vya wavulana, bia na muziki mpaka alfajiri, na mimi sinywi. Chuo sikitaji, maana wapo niliosoma nao ambao hadi leo wakikikumbuka machozi yanawalenga. Wao kiliwakaa. Mimi hakikunikaa.

Basi haya ndiyo niliyomwelekeza yule binti, hatua kwa hatua.

Kabla ya yote: tunazungumzia vyuo gani

Vinaitwa vyuo vya sanaa huria, jina linalowapotosha wazazi wengi wakadhani mtoto anakwenda kujifunza kuchora. Humo kuna fizikia, uchumi, kompyuta, biolojia, historia, kila kitu. Tofauti ni ukubwa na mpangilio: wanafunzi kama 1,500 hadi 3,000, karibu wote wa shahada ya kwanza, wengi wao wanalala chuoni, darasa lina watu 15 au 20, na fani kuu unaichagua mwisho wa mwaka wa pili. Aliyezoea mtindo wetu, wa kuomba kozi moja na kuingia nayo moja kwa moja, hili humchukua muda kulizoea.

Udogo huo ndio unaofanya utamaduni wa chuo uwe jambo zito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukichoshwa na majirani zako, unakwenda bweni jingine na huonani nao tena. Kwenye chuo cha watu 1,700 utakutana na sura zile zile kwenye bwalo, asubuhi, mchana na jioni. Pa kujificha hakuna.

Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960, katika ule mpango wa wanafunzi uliosukumwa na mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya. Alisoma Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto huko Atchison, Kansas, akahitimu biolojia mwaka 1964. Kansas ilikuwa ugenini kwa kila hali, lakini alikuwa ametoka shule ya masista ya Loreto, Limuru. Misa na utaratibu wa masista alikuwa amevizoea tangu nyumbani. Hilo tu, naamini, lilimpunguzia nusu ya ugeni.

Hatua ya 1: Malizana na pesa kwanza

Fupi tu hapa, lakini usiiruke. Andika gharama ya mwaka mzima: ada, chumba, chakula, bima ya afya, vitabu, nauli ya ndege. Kwenye vyuo vingi vya aina hii jumla inapita dola 80,000. Toa ufadhili uliopewa, kinachobaki kizidishe mara nne. Usijidanganye kwamba utafanya kazi ufidie: mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena kwa kawaida ni kazi za ndani ya chuo. Uliza kwa barua pepe, ujibiwe kwa maandishi: ada ikipanda mwaka wa pili, na ufadhili utapanda? Bima imo? Chuo ambacho pengo lake litawalazimu wazee kuuza shamba, kiondoe mezani leo. Vinavyobaki ndivyo tutakavyopima.

Hatua ya 2: Andika Jumanne yako

Chukua karatasi, uandike Jumanne ya kawaida unayoweza kuiishi bila kujilazimisha. Unaamka saa ngapi? Unasoma peke yako kimya, au mpaka uwe na watu mezani? Unasali wapi? Unahitaji kukaa na watu wa lugha yako mara ngapi kwa wiki kabla hujaanza kuzungumza na ukuta? Unapenda mpira wa kucheza au wa kutazama? Mji ukilala saa mbili usiku, utapumua au utakosa hewa?

Usiandike Jumanne ya mtu unayetamani kuwa. Binti wa Tanga mara ya kwanza aliandika kwamba angeamka saa kumi na moja akimbie kilomita tano. Nikamuuliza lini mara ya mwisho alikimbia. Akacheka, akaifuta.

Hatua ya 3: Soma kanuni, sifa ziache

Brosha zote ni moja. Wanafunzi watatu wa rangi tatu wamekaa chini ya mti wenye majani ya njano, na chini yake maneno ya jumuiya iliyoshikamana na maprofesa wanaokujali. Ukiziba majina huwezi kujua ipi ni ya chuo gani. Sifa hazikusaidii kuchagua. Kinachokusaidia ni zile kanuni chache ambazo kila mwanafunzi lazima azipitie, apende asipende, kwa sababu ndizo zinazowafanya watu wa chuo hicho wawe kama walivyo.

Anza na kalenda. Carleton, huko Northfield, Minnesota, mwaka umegawanywa mihula mitatu ya wiki kumi, na kila muhula unasoma masomo matatu. Wiki ya tano uko kwenye mitihani ya kati. Ukiugua malaria ya likizo wiki ya kwanza, umeshaachwa. Halafu muhula wa kwanza unaisha mwishoni mwa Novemba, na hamrudi mpaka Januari. Kwa Mmarekani hiyo ni likizo tamu. Kwa wewe ambaye nauli ya Dar ni zaidi ya dola elfu moja, ni wiki sita za kujiuliza utalala wapi na utakula nini. Colorado College wao wanasoma somo moja tu kwa wakati mmoja, wiki tatu na nusu, kisha linalofuata, na wameendelea hivyo tangu 1970. Mwenye tabia ya kuzama kwenye jambo moja mpaka aone mwisho wake atapaona peponi. Anayehitaji hesabu zikae kichwani taratibu, miezi minne, atapata tabu.

Kisha tazama masharti ya masomo. Amherst na Grinnell hawana orodha ya masomo ya lazima ya chuo kizima, isipokuwa semina moja ya mwaka wa kwanza. Mengine unayapanga na mshauri wako. Uhuru huo ni mtihani kwa sisi tuliotoka kwenye mfumo wa kupangiwa kila kitu. Reed, kule Portland, Oregon, ni kinyume chake: mwaka wa kwanza wote mnapita kwenye kozi moja kubwa ya falsafa, fasihi na historia, na mwaka wa mwisho kila mmoja anaandika tasnifu na kuitetea. Halafu kuna hili ambalo baba yako hatalielewa kirahisi: Reed alama zinawekwa kwenye kumbukumbu, ila kama unaendelea vizuri hupewi mpaka uulize. Unapewa maoni ya mwalimu. Ukiwa mtu wa kusukumwa na nafasi ya kwanza darasani, kitakachokusukuma huko ni nini?

Haverford ndiko ninapopenda kukaa zaidi, kwa sababu kanuni yao ya uaminifu inamshtua kila aliyefanya mtihani Afrika Mashariki. Sisi tumekua tukiona karatasi za mtihani wa taifa zikisindikizwa na polisi, msimamizi mbele, msimamizi nyuma, ukigeuza shingo umekwisha. Haverford mitihani ya mwisho wa muhula unajipangia siku mwenyewe, na chumbani hamna msimamizi. Kanuni hiyo wanaiendesha wanafunzi, na wanakutana kuipigia kura upya kila mwaka. Kijana mmoja wa Kisumu aliniambia mtihani wake wa kwanza pale hakuweza kuandika dakika kumi nzima. Alikuwa anasubiri mtu aingie. Sasa, ukishawazoesha watu 1,400 kuishi hivyo, jambo haliishii kwenye mtihani. Utaona mabegi na kompyuta zimeachwa mezani bila mlinzi. Utaona pia kwamba ukimwona mwenzio amekosea, unatarajiwa umfuate mwenyewe, mzungumze ana kwa ana. Kwa mtu wa pwani aliyelelewa kusema kwa mafumbo, hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Angalia na mnavyoishi. Williams wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanawekwa kwenye vikundi, kila kikundi kikiishi pamoja na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wanaowalea, kwa hiyo hata mkimya anajikuta ana ndugu ishirini kabla ya wiki kuisha. Oberlin kuna ushirika wa wanafunzi ambao wanapika wenyewe kwa zamu, wanaosha masufuria wenyewe na kugombana wenyewe kuhusu dengu. Berea, Kentucky, hulipi ada ya masomo, lakini kila mwanafunzi, hata awe mtoto wa nani, lazima afanye kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki. Mahali ambapo aliyepata alama za juu darasani ndiye anayekupakulia maharage, majivuno hupungua.

Kwa kila chuo kwenye orodha yako, andika kanuni tatu za namna hii. Zote ziko kwenye tovuti, kwenye kitabu cha mwongozo wa wanafunzi ambacho hakuna anayekisoma. Kisha ziweke kando ya Jumanne yako.

Hatua ya 4: Mahali

Swarthmore una kituo cha treni chini tu ya kilima cha chuo, na katikati ya Philadelphia ni kama nusu saa. Macalester iko ndani ya jiji la St. Paul, na uwanja wa ndege ni mwendo mfupi wa gari. Grinnell ni mji wa watu elfu tisa na ushei katikati ya Iowa, mahindi pande zote mpaka upeo wa macho, na kila mwaka kuna anayedhani basi unga upo. Mahindi hayo karibu yote ni ya kulishia mifugo na kutengenezea mafuta ya magari. Unga wa sembe utauagiza kwa posta.

Mji mdogo si ubaya. Chuo kilichoko porini hulazimika kujichekesha chenyewe, ndiyo maana huko mara nyingi watu wanashikamana kuliko kwenye chuo cha jijini ambako Ijumaa kila mtu anashuka kwenye treni yake. Lakini uliza mambo madogo madogo. Nywele atakusuka nani, na yuko umbali gani? Ijumaa utaswali wapi, na Ramadhani bwalo linafungwa saa ngapi, kabla au baada ya saa ya kufuturu? Kanisa lenye kwaya utakayoimba bila kuona haya liko? Baridi ya Minnesota na Iowa hushuka chini ya nyuzi ishirini hasi. Koti litanunuliwa kwa pesa ya nani? Vyuo kadhaa vina mfuko wa dharura kwa ajili ya koti la kwanza, ila mpaka uulize.

Kuna na vyuo vilivyoungana. Amherst, Smith, Mount Holyoke na Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichopo Amherst wanaruhusiana kusomeana masomo, na mabasi yanazunguka kati yao. Claremont, California, vyuo vitano vimepakana ukuta kwa ukuta, na unaweza kula kwenye bwalo la jirani. Bryn Mawr, Haverford na Swarthmore nao wana mpango wao. Kama unaogopa udogo lakini unautaka, hapo ndipo pa kutazama.

Na rangi. Katika chuo kidogo cha New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, unaweza kuwa Mwafrika pekee kwenye semina, na siku moja utajikuta unaulizwa maoni ya bara zima. Wengine hilo linawachosha kuliko baridi. Ndiyo maana Spelman na Morehouse, vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi kule Atlanta, viingie kwenye hesabu mapema, visiwe wazo la dakika ya mwisho. Vivyo hivyo kwa msichana aliyesoma bweni la wasichana akastawi: Bryn Mawr, Smith, Mount Holyoke na Wellesley ni vya wanawake, na maisha yake yana ladha utakayoitambua.

Hatua ya 5: Namba zinazosema ukweli

Kila chuo makini hutoa jedwali la takwimu zake liitwalo Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye mashine ya kutafutia, litakuja. Sehemu B inaonyesha wanafunzi wa kigeni ni wangapi, na wangapi walirudi mwaka wa pili. Sehemu F inakwambia wangapi wanalala chuoni na asilimia ngapi wamo kwenye vyama vya udugu. Kama sifuri, au asilimia 5, au 45, hizo ni nchi tatu tofauti. Mimi ningeifungua sehemu F siku ile, nisingekwenda nilikokwenda. Sehemu H inaonyesha jumla ya ufadhili wa wageni na wangapi waliupata, na sehemu I ukubwa wa madarasa.

Namba moja haimo humo, itabidi uitafute: wanamichezo wa timu za chuo. Kwenye vyuo kama Williams na Amherst wanafika takriban theluthi ya wanafunzi wote. Kila timu ina meza yake bwaloni, na ratiba ya jioni inafuata mazoezi. Kama hukimbii wala hupigi mpira, jua utakuwa sehemu ya ile theluthi mbili nyingine, na uulize wao wanakaa wapi.

Hatua ya 6: Uliza watu, na uulize vizuri

Anayetembeza wageni analipwa kutabasamu. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wa kwanza bado yuko kwenye fungate, wa nne ameshafungasha mizigo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni itakuunganisha ukiomba mtu wa Afrika Mashariki, na kama hayupo, Mghana au Mzimbabwe atafaa. Ujumbe wangu kwa WhatsApp huwa hivi:

"Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Naitwa fulani, nipo Tanga, nimekubaliwa hapo chuoni kwenu. Sitakuuliza kama ni kuzuri. Naomba uniambie tu wiki iliyopita ilikwendaje, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Sauti tu inatosha."

Sauti ni bora kuliko maandishi, kwa sababu inabeba pumzi. Akiguna kabla ya kujibu, umeshajibiwa. Baadaye uliza haya, na usiulize mengine mengi: Mara ya mwisho kukwama kwenye somo ulimwendea nani, ikawaje? Sikukuu ya Novemba ulikula wapi? Nani unayemfahamu aliyehama chuo, na kwa nini? Hilo la pili naliweka kwa uchungu wangu. Wiki ya sikukuu ya shukrani, mwaka wangu wa kwanza, bwalo lilifungwa, tangazo likiwa limebandikwa kwenye mlango ambao sikuwa nikiupitia. Nilikula mkate na tambi za birika siku nne.

Halafu soma gazeti la wanafunzi. Swarthmore wana The Phoenix, Williams wana The Williams Record, Grinnell wana The Scarlet & Black, Carleton The Carletonian. Achana na matoleo ya Septemba, kila mtu anafurahi Septemba. Soma ya Novemba na ya Februari, hasa barua za malalamiko. Wanacholalamikia watu ndicho kinachowauma kweli: chuo ambacho ugomvi mkubwa wa mwaka ni sare za timu si sawa na chuo ambacho ugomvi ni wafanyakazi wa jikoni kulipwa kidogo.

Hatua ya 7: Jaribu kuvaa kabla hujanunua

Kama huwezi kwenda, na wengi hatuwezi, omba kuhudhuria darasa moja kwa mtandao. Fungua kalenda ya matukio ya chuo, tafuta Jumanne tatu zilizopita, uone kulikuwa na nini usiku. Kisha kaa siku mbili ukijifanya umeshachagua chuo cha kwanza. Waambie watu nyumbani kwamba ndicho. Siku mbili zinazofuata jifanye umechagua cha pili. Mwili wako utasema kabla ya mdomo. Binti wa Tanga siku ya tatu alijikuta anamtetea mjombake chuo ambacho kilikuwa cha mwisho kwenye orodha yake, kile cha mji mdogo, kwa hasira mpaka akashangaa.

Hatua ya 8: Jibu, na ukatae kwa adabu

Kabla ya tarehe 1 Mei thibitisha chuo kimoja tu. Kama amana ya kushikia nafasi inakushinda, andika uombe usamehewe. Maombi hayo wanayapokea kila mwaka. Vyuo unavyoviacha viandikie mistari miwili ya shukrani, maana nafasi yako na pesa yako vinaweza kumfikia mtu aliyeko kwenye orodha ya kusubiri. Ukishathibitisha, utatumiwa fomu ya I-20, hati ya chuo ya kuombea viza, utalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ndipo uombe miadi ya viza, ukishahakikisha ubalozini kwamba viza za wanafunzi zinatolewa kwa watu wa nchi yako. Miadi hujaa, usingoje Julai.

Katikati ya shughuli hizo itakuja fomu nyingine ambayo utaiona ndogo: ya kupangiwa mwenzako wa chumbani. Unalala saa ngapi, unapenda usafi kiasi gani, wageni waingie au wasiingie. Usiijaze mama akiwa amesimama nyuma yako. Yule binti aliandika kwamba analala saa tatu, kwa sababu mama alikuwa anasoma begani. Wakampa mwenzake anayelala saa tatu. Yeye hulala saa nane usiku tangu akiwa kidato cha kwanza, na mpaka Krismasi alikuwa anasomea ukumbini kwenye ngazi, blanketi mabegani.